Kilo Kumi na Moja na Robo

Halikugonga mtu, halikupasua tairi.
Lilikataa tu, pale Pongwe,
kwenye mwinuko unaoyatoa jasho malori ya saruji.
Nikakanyaga mafuta, injini ikapandisha sauti,
ikafoka, ikafoka,
na gari likabaki linanyata,
likanyata,
likasimama.

Kwanza ilikuja harufu, kama nywele zilizounguzwa na pasi.
Kisha pedali ya klachi ikashuka isirudi,
ikalala sakafuni kama mtoto aliyenuna.

Niseme kweli: ni jekundu,
viti viwili, tumbo kiganja kimoja toka lami.
Nililinunua kwa kiinua mgongo.
Miaka thelathini na tatu nimepima marobota ya mkonge bandarini,
nikagonga muhuri, mizigo ya watu ikavuka bahari.
Nikasema sasa na mimi niende,
japo hadi Muheza.
Mwanakombo hakubisha. Alipanda mara moja,
akashuka ameshika kiuno:
“Hili gari, mume wangu, linapandwa au linavaliwa?”

Trekta la shambani ndilo lililonivuta hadi mjini.
Kwa kamba ya katani, jamani!
Nimeipima maisha yangu yote, leo inanipima.
Vijana wa bodaboda wakatoa simu:
“Mzee, mbio zimeishia wapi?”
Nikatazama mbele, kwenye matope ya trekta,
nikashika usukani kana kwamba naendesha.

Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani.
Fundi Semkiwa akalala chini ya gari,
akaipokea giaboksi kifuani,
akatoka na pleti ya klachi iliyolika hadi ribiti,
kisha akaniita nichungulie ndani.
Flaiwili lilikuwa limeiva rangi ya bluu na zambarau,
na nyufa nyembamba
kama kisigino cha mkata mkonge.

“Klachi ingekufa peke yake ningekupa pole.
Imekufa na mwenzake.”
Nikamwomba abadili pleti tu.
Akafuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole.
“Mwenye upele, mzee, humponyi kwa kanzu mpya.”
Akataja bei. Nikakaa juu ya tairi.

Ndipo akanieleza, sijui kwa huruma au kwa biashara:
“Injini haizunguki kama unavyodhani. Inapiga mateke.
Teke, kimya. Teke, kimya.
Hili zito ndilo linalobeba ule ukimya.
Linalikumbuka teke lililopita
mpaka lije jingine.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikikata Makorora,
mfukoni ribiti moja, sijui niliichukulia nini.
Usiku sikulala.
Mshahara, kimya. Mshahara, kimya.
Ile miezi meli zilipokosekana na ofisi ikatuambia ngojeni,
watoto walikwenda shule na viatu,
taa ya koroboi ilikuwa na mafuta,
na mimi sikuwahi kuuliza.
Nikageuka nimwambie.
Alikuwa anakoroma.
Asubuhi nikaona haya; angedhani nina homa.

Flaiwili jipya lilikuja na basi toka Dar,
ndani ya boksi la sabuni.
La kipande kimoja, halina springi za katikati;
gari likisimama linatetema kama meno ya mwenye baridi.
“Litagonga,” Semkiwa akasema, “lakini halitakudanganya.”
Jumamosi tunakwenda Muheza.
Mwanakombo amekubali, kwa sharti la mto wa kukalia.

Lile la zamani nililiomba.
Nikalipitisha kwa muuza vyuma chakavu, si kuliuza, kulipima:
kilo kumi na moja na robo.
Mkono wangu ulikuwa umekwisha sema kumi na moja na nusu.
Nimeanza kuzeeka.

Mwanakombo akalipokea mlangoni bila kuuliza.
Akalisugua kwa jivu na maganda ya nazi,
akalifunga nailoni mara tatu,
akalilaza juu ya kifuniko ndani ya pipa la achari.

“Ndimu zilikuwa zinaelea,” akasema,
akijifuta mikono kwenye kanga.
“Sasa zimetulia.”